Sanduku Tupu si Kamera

Tamaa ya kukusanya vitu vya kale ni njema ikiongozwa na akili. Isipoongozwa hugeuka kuwa ulafi wa macho: rafu hujaa, na mwenye rafu hazidi maarifa. Nataka kusema juu ya tamaa hiyo kwa upande mmoja tu, nao ni ununuzi wa kamera kubwa za mbao za zamani ambazo huuzwa bila viungo vyake. Nasema waziwazi kwamba biashara hiyo ni mbaya, na lawama ya mnunuzi si ndogo kuliko ya mwuzaji.

Kwanza tujue kamera hiyo ni kitu gani. Ni sanduku la mbao lenye kiriba kilichokunjwa mikunjo kama kinanda cha mkono. Mbele hukaa lenzi katika kibao chake. Nyuma hukaa kioo chenye ukungu. Mpiga picha husimamisha sanduku juu ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akatazama sura iliyopinduka, kichwa chini na miguu juu, akasogeza kiriba mpaka sura iwe dhahiri. Ndipo hutia nyuma kibweta chembamba chenye bamba la kioo lililopakwa dawa ya kupokea nuru. Bamba hilo sharti likae palepale ambapo sura ilionekana kiooni. Likipishana kidogo tu, picha huharibika.

Hapo ndipo ubaya wa biashara hii unapoonekana. Kamera nyingi za kale za Kiingereza, kama zile za Thornton-Pickard zilizopokea mabamba ya inchi 4¾ kwa 6½, hazikuwa na vibweta vya kipimo kimoja. Kila mtengenezaji alikuwa na vyake, na kibweta cha kamera moja aghalabu hakiingii katika nyingine. Kikipotea, hakuna duka la kununua kingine. Kamera za Kimarekani za inchi 4 kwa 5 zina nafuu, maana vibweta vyake vilikuja kufuata kipimo cha wote, na filamu yake ingali ikitengenezwa. Lakini mwuzaji hatofautishi. Lenzi huichomoa akaiuza peke yake kwa kuwa ina bei. Vibweta huvitupa kwa kuwa havijui. Sanduku huliuza kuwa pambo. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu.

Sisi wa Otonglo, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, tuna somo katika jina la mahali petu. Otonglo ni neno ambalo wazee wa Kijaluo waliitia senti kumi. Senti kumi ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni ilikuwa na tundu katikati, wala tundu hilo halikuipunguzia thamani, kwa sababu aliyelitoboa ndiye aliyeifanya sarafu. Tundu la kamera iliyong'olewa lenzi ni la namna nyingine. Aliyelitoboa si fundi, ni mharibifu.

Watetezi wa wakusanyaji hujibu kwamba heri sanduku pungufu rafuni kuliko kuni jikoni. Jibu hili lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Fedha ya mnunuzi ni mwalimu wa mwuzaji. Asiyeuliza habari za vibweta humfundisha mwuzaji kutovitafuta. Kesho mpiga picha mzee atakufa, na mwuzaji atachukua sanduku akaacha kabati. Na ndani ya kabati ile, pamoja na vibweta, huweza kuwamo mabamba ya kioo yenye sura za maarusi, za watoto wa shule na za wazee ambao hawana picha nyingine duniani. Hayo yatafagiwa pamoja na takataka.

Hasara hiyo si ndogo. Mwanachuoni Evans-Pritchard aliwapiga Wajaluo picha mwaka 1936, na picha zake zilihifadhiwa Oxford, katika Makumbusho ya Pitt Rivers, pamoja na maandishi yake. Mwaka 2007 zilirejeshwa Nyanza zikaonyeshwa vijijini kwa jina la Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale. Ziliweza kurudi kwa sababu hazikutengwa na habari zake. Je, tutasubiri wageni watutunzie hata zile tulizopigana wenyewe?

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Mwenye kuuza asivunje kamera vipande vipande. Mwenye kununua aulize kwanza viungo viko wapi, na mabamba ya picha yako wapi. Na ambaye amekwisha kununua sanduku pungufu asiliache kuwa pambo, bali alipeleke kwa seremala hodari. Kibweta cha mbao chaweza kuundwa upya kwa subira na kipimo sahihi, na karatasi ya kusafishia picha yaweza kukatwa ikatiwa mahali pa bamba. Darasa la fizikia litakaloifanya kazi hiyo litajifunza sheria za nuru kwa mikono yake.

Atakayekataa mashauri haya na aendelee kununua. Lakini asijiite mhifadhi wa mambo ya kale. Ni mnunuzi wa mbao.