Ndugu wa mgonjwa waelezwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nami niseme machache juu ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hasa wa saratani.

Daktari akiona dawa za kuponya zimeshindwa, mara nyingi humwita mwanamume mmoja wa ukoo pembeni akamnong'oneza. Huyo hurudi na siri yake. Kikao hukaa: mbuzi wauzwe, shamba liwekwe rehani, mgonjwa apelekwe Dar es Salaam. Mke, ambaye ndiye anayemgeuza kitandani na kumwosha, haitwi. Mgonjwa mwenyewe ndiyo kabisa, hata kama anataka kusafiri haulizwi. Jirani yangu mwenye saratani ya koo alisafirishwa hivyo. Baada ya wiki tatu alirudishwa ndani ya sanduku, na shamba la michungwa likaenda na deni. Watoto wake ninawafundisha. Mmoja hana sare.

Sisemi wagonjwa wasisafiri. Mionzi yaweza kumpunguzia maumivu hata asiyepona. Lakini ndugu waambiwe waziwazi safari ni ya kuponya au ya kutuliza, ndipo waamue cha kuuza. Na mgonjwa aseme angali na kauli angependa kufia wapi, anadaiwa na nani, na shamba amwachie nani. Wajane wangapi wamefukuzwa kwa sababu maneno hayo hayakusemwa mbele ya mashahidi?

Wengine watadai kwamba kumwambia mtu habari hizo ni kumwua kabla ya siku zake. Mbona yeye hutangulia kujua kuliko sisi tunaomficha?

Huduma hii, iitwayo tiba shufaa, si ngeni. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba nchi ziiingize katika huduma zao za kawaida. Jirani zetu wa Uganda, tangu 2004, sheria yao inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kumwandikia mgonjwa mofini, dawa ya maumivu makali, akainywe nyumbani kwake. Zahanati ya hapa kwetu hutoa panadol.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba mgonjwa wa namna hii asiruhusiwe kutoka wodini kabla ya kikao cha nusu saa, kwa ridhaa yake, mke au mume akiwepo, na yaliyokubaliwa yaandikwe katika daftari lake ili mganga wa zahanati ayasome.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Tanga.