Bili ya mtoto: Madai huanza na stakabadhi

MSIMU wa pamba ukifunguliwa Shinyanga, mkulima hushika fedha za maana mara moja kwa mwaka. Homa ya mtoto haisubiri msimu. Ndiyo maana bili ya matibabu ambayo mzazi hakuitarajia huweza kumaliza fedha ya mbegu, au mtaji wa genge kabla haujazunguka.

Chukua mfano wa mama anayeuza mchele Katoro, mkoani Geita. Mtoto wake wa miaka mitatu anashikwa na homa usiku, naye anamkimbiza kwenye zahanati ya mtu binafsi iliyo jirani. Asubuhi anapewa karatasi yenye jumla tu: Sh48,000. Siku ya tatu anamrudisha mtoto aangaliwe, anatozwa tena fedha ya kumwona daktari. Kama faida yake ni Sh200 kwa kilo, bili ya kwanza pekee imekula faida ya kilo 240.

Je, anaweza kuipinga? Jibu linategemea mtoto alitibiwa wapi.

Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka mitano waliachwa nje ya malipo. Msimamo huo umo pia katika Sera ya Afya ya mwaka 2007. Msamaha huo unahusu vituo vya umma. Kwa hospitali za mashirika ya dini, inategemea mkataba wake na halmashauri. Zahanati binafsi hujiendesha kwa malipo ya wagonjwa, na msamaha huo hauifikii.

Hata hivyo, msamaha wenyewe una kasoro ambayo mfanyabiashara yeyote ataiona haraka. Mtoto anatibiwa bure, lakini pale dirishani hakuna anayelipa kwa niaba yake. Dawa hutumika, fedha ya kununua nyingine hairudi. Zikiisha, mzazi huandikiwa cheti na kuelekezwa duka la dawa.

Katika ukanda wa dhahabu tatizo huongezeka. Machimbo mapya yakigunduliwa, watu hufika kabla ya zahanati ya serikali kujengwa, na pengo hilo huzibwa na watoa huduma binafsi. Wateja hawakosekani: utafiti wa malaria wa mwaka 2017 uliiweka Geita nafasi ya pili kitaifa, baada ya Kigoma, kwa maambukizi kwa watoto wadogo.

Kwa hiyo mzazi atenganishe mambo matatu. Kwanza, kituo cha umma kikimtoza mtoto wa chini ya miaka mitano kumwona daktari au kupima, hapo ana haki ya kuhoji, na kadi ya kliniki ndiyo ushahidi wa umri. Pili, dawa zikikosekana, hilo ni suala la upungufu, na mahali pake ni kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Tatu, kwa zahanati binafsi, bei kubwa peke yake si kosa. Kinachopingika ni kipimo ambacho hakikufanyika, dawa ambayo hakupewa, kitu kilichohesabiwa mara mbili, au tozo ambayo hakuelezwa mapema.

Njia ya kudai ni ile ile ya sokoni: hesabu kwanza, maneno baadaye. Kabla ya kulipa, omba mchanganuo, kila kipimo na bei yake, kila dawa na idadi yake. Linganisha na majibu ya maabara na dawa ulizobeba. Uliza pia kama kumrudisha mtoto kwa ugonjwa ule ule kunalipiwa upya, maana kila kituo kina utaratibu wake.

Ukilipa, dai stakabadhi. Katika vituo vya umma malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha inayotakiwa mkononi bila namba wala risiti ni ya kutiliwa shaka. Bila karatasi, malalamiko yako yatabaki neno lako dhidi ya neno la mhudumu.

Anza kwa mganga mfawidhi. Asipokusikiliza, andika barua kwa mganga mkuu wa wilaya ukiambatanisha nakala, ubaki na karatasi halisi. Ukiombwa rushwa, Takukuru hupokea taarifa bure kwa namba 113. Asiye na uwezo kabisa amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ya umma kuomba msamaha wa malipo.

Lakini kudai baada ya bili ni kuzima moto. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, ulipoboreshwa mwaka 2018 ulipanga Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa mwaka 2023. Ukiuza pamba au mpunga, fika ofisi ya kijiji au mtaa uulize kitita kilichopo, bei yake na vituo vinavyokipokea. Uulize wakati fedha ipo na mtoto ni mzima.