Kung'oa Kataliti Si Dawa ya Gari Dhaifu

Gari linaposhindwa kupanda mlima, mwenyewe hutafuta cha kulaumu. Katika Kisii na Nyamira, nchi ya vilima na mabonde, lawama huweza kuiangukia kataliti, kile kifaa kilichofungwa katika bomba la moshi ili kuusafisha. Baadhi ya mafundi nchini huwashawishi wenye magari kwamba ikiondolewa, injini itapata nafasi ya kupumua. Ushauri huo unapotosha.

Mji wa Kisii u zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Udhaifu huo hauondoki kwa kukata bomba.

Kataliti nzima huzuia moshi kidogo mno. Nguvu zipatikanazo kwa kuing'oa ni haba hata dereva asizihisi. Iliyoziba huikaba injini kweli, lakini aghalabu kuziba huko hutokana na plagi mbovu au injini inayochoma oili. Kuing'oa ni kuficha dalili na kuuacha ugonjwa. Isitoshe, katika magari mengi sensa iliyo nyuma yake huiarifu kompyuta, taa ya onyo ikabaki imewaka, na hitilafu nyingine ikizuka dereva hana habari.

Yafaa pia kuuliza ni nani afaidikaye. Ndani ya kataliti mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa. Mwenye gari hulipa ujira, kisha huiacha mali yake gereji. Madini hayo ndiyo yanayogeuza kaboni monoksidi, gesi ya kuua, kuwa kaboni dioksidi. Yakikosekana, sumu humwendea mwanafunzi atembeaye kando ya barabara ya Keroka na mchuuzi wa soko la Daraja Mbili.

Zamani petroli yenye risasi iliziharibu kataliti zikawa mzigo wa bure. Kenya iliachana nayo kufikia mwaka 2006, hivyo kisingizio hicho kimekwisha. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 nacho humpa kila mtu haki ya mazingira safi.

Tunawasihi walimu wa fizikia na kemia walifikishe jambo hili darasani. Mwanafunzi wa leo ndiye fundi wa kesho, naye akielewa kazi ya kataliti hatamdanganya mteja wake.