Jina la Tumbawe: Rangi au Nasaba?

Katika maduka ya Marekani, Uingereza na Ujerumani yauzayo viumbe wa baharini wafugwao katika matangi ya vioo, kipande cha tumbawe kisichozidi ukucha wa kidole gumba huuzwa kwa bei isiyohusiana na uzito wake, wala umri wake, wala uzima wake. Bei ni ya jina. Kipande kisicho na jina ni bidhaa ya kawaida. Kikiitwa Walt Disney, au Red Planet, au Rasta, thamani yake huruka juu siku hiyo hiyo. Majina haya hayamo katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama. Hutungwa na wauzaji na wafugaji, aghalabu kwa kutazama rangi tu, na kesho yake muuzaji mwingine mwenye kipande cha rangi ya kufanana hulitwaa jina lile lile, au hutunga lake lililo tamu zaidi. Desturi hii ni mbovu tangu shinani. Ubovu wake hautokani na mzaha uliomo katika majina, maana mzaha haujamdhuru mtu. Unatokana na kuyafunga majina mahali pasipofungika, yaani katika rangi.

Rangi ya tumbawe si kama rangi ya kitambaa. Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni jamaa ya wanyama wadogo wengi walioshikana, nao huishi pamoja na mwani mdogo sana ukaao ndani ya nyama yao na kuwalisha kwa nguvu za jua. Mwani huo una rangi ya kahawia. Ukizidi, kama uzidivyo maji yakiwa na naitreti na fosfeti nyingi, tumbawe zima huwa la kahawia, hata kama mwezi uliopita lilisifiwa kwa jina la upinde wa mvua. Zile rangi za kijani, waridi, buluu na nyekundu zipendwazo hutoka kwa mnyama mwenyewe. Nyingi kati yake ni kazi ya protini zenye tabia ya ajabu: hupokea nuru ya buluu na kuirudisha ikiwa na rangi nyingine. Protini ya namna hii, ya kijani, ilielezwa mwaka 1962 na Osamu Shimomura na wenzake, walioitoa katika yavuyavu wa bahari ya Pasifiki, na mwaka 2008 Shimomura alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Nyekundu ilielezwa na wataalamu wa Urusi mwaka 1999, nayo ilitoka kwa Discosoma, jamaa wa karibu wa matumbawe apendwaye sana na wafugaji wa matangi. Inapendeza kuona kwamba kiumbe wa pambo la sebuleni ameipa sayansi moja ya zana zake kubwa.

Sasa wafugaji hutundika juu ya matangi yao taa za buluu. Chini ya taa hizo kipande cha tumbawe huwaka kama kaa la moto. Kikiletwa penye mwanga wa mchana, huenda kikawa kitu cha kijivu kisichogeuziwa shingo. Ipi basi ni rangi yake ya kweli? Swali lenyewe lina kasoro. Hata baharini nuru nyekundu humezwa na maji katika mita chache za kwanza, na buluu ndiyo ishukayo mbali, kwa hiyo tumbawe la kina kifupi na ndugu yake wa kina kirefu huonekana tofauti ingawa wamekatwa katika mwili mmoja. Gawa tumbawe moja mara tatu, weka vipande katika matangi matatu yenye taa na maji mbalimbali, na baada ya miezi kadhaa utakuwa na rangi tatu na, dukani, majina matatu. Kinyume chake pia hutokea: spishi mbili zisizo ndugu huwekwa chini ya taa moja, zikapata rangi ya kufanana na kuuzwa kwa jina moja.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba mnunuzi ana macho, na kwamba akipenda akionacho hana sababu ya kuuliza zaidi. Hoja hii ni dhaifu. Mnunuzi halipi kwa akionacho. Angelipa kwa akionacho, jina lisingeongeza hata senti. Analipa kwa ahadi iliyomo katika jina, kwamba kipande hiki kitakua kiwe kama kile kilichosifiwa. Muuzaji atajirikaye kwa ahadi hiyo, kisha akaikana kwa kusema kuwa jina ni pambo tu, anataka kula pande zote mbili.

Lipo kundi la pili, nalo lina heshima zaidi: wale watakao majina yote ya dukani yafutwe, pabaki Kilatini peke yake. Hao nao hawakufika. Jamii ya Acropora ina spishi zaidi ya mia moja, nazo hutambuliwa zaidi kwa umbo la mifupa, kwa vikombe vidogo vya ncha na vya ubavuni, si kwa rangi. Kipande cha ukubwa wa ukucha mara nyingi hakina alama za kutosha hata kwa mtaalamu aliyezeeka katika kazi. J. E. N. Veron alitoa mabuku matatu juu ya matumbawe ya dunia mwaka 2000, na tangu hapo uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba baadhi ya majina yaliyodhaniwa ni ya spishi moja yalikuwa yamefunika kadhaa. Zaidi ya hayo, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazishughulikii kabisa majina yaliyo chini ya nususpishi. Atakaye kutofautisha kipande kimoja cha Acropora tenuis na kingine cha spishi hiyo hiyo hapati msaada wowote katika Kilatini. Matokeo yake yanaonekana katika karatasi za forodha. Matumbawe ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na hayavuki mipaka bila kibali. Lakini kwa mengi yao kibali huruhusiwa kutaja jenasi tu. Karatasi ya serikali husema Acropora, karatasi ya duka husema Walt Disney au mfano wake, na kati ya karatasi hizo mbili spishi imepotea bila mtu kuulizwa.

Na upotevu huo si wa kitaaluma tu. Miongoni mwa jamaa wa matumbawe wasio na mifupa wamo Zoanthus na Palythoa, ambao kwa jicho lisilozoea hufanana kama vifungo vya shati moja, na mara kwa mara huuzwa kwa majina ya rangi yasiyowatenganisha. Katika Palythoa ya Hawaii ndimo ilimotolewa, mwaka 1971, sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zijulikanazo katika viumbe vya bahari. Si kila Palythoa anayo kwa kiasi kimoja, lakini wamekuwako wafugaji waliolazwa hospitali pamoja na watu wa nyumbani mwao baada ya kusugua jiwe lenye viumbe hao au kulimwagia maji ya moto na kuvuta mvuke wake. Jina lililotaja rangi na kuficha jamii lilimnyima mtu onyo alilostahili.

Dawa ya jambo hili ni jina lifuatalo nasaba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa. Mgomba haupandwi kwa mbegu; hupandwa kwa chipukizi la mama yake, na kwa hiyo kisukari wa shamba hili ni mwili ule ule wa kisukari wa shamba lile. Udongo ukiwa mbaya ndizi zitadhoofu, lakini hakuna mkulima atakayeupa mgomba jina jipya kwa sababu ndizi zimepauka mwaka huo. Kipande cha tumbawe nacho ni chipukizi: kimekatwa katika mwili wa mama, na jina la mama ndilo lake, kiwe cha buluu au cha kahawia. Kanga pia inaweza kufundisha. Mtindo mmoja hutolewa kwa rangi kadhaa, na jina halibadiliki, kwani limeandikwa katika kitambaa chenyewe. Tumbawe halina maandishi, ndiyo maana lahitaji daftari.

Wenye maua walikwisha kuliona hilo. Kanuni ya kwanza ya majina ya mimea ya kupandwa ilitolewa mwaka 1953, na tangu 1961 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kimekuwa kikiandikisha mahuluti ya okidi, ili jina moja lisitumiwe kwa vitu viwili. Daftari la matumbawe lingehitaji mambo machache: spishi au jenasi kwa kadiri ijulikanavyo, tumbawe mama lilipotoka, nani alilikata kwanza, na rangi ikielezwa pamoja na nuru iliyoangaliwa. Itasemwa kwamba wadanganyifu wataandika uongo. Wataandika. Lakini uongo juu ya nasaba hukamatika, kwa kuwa jeni za vipande viwili zaweza kulinganishwa. Uongo juu ya rangi haukamatiki kamwe. Hata sasa liko jina moja la dukani lililo karibu na njia hii, nalo ni Oregon Tort: neno la kwanza lataja jimbo la Marekani ambako tumbawe mama lilifugwa, la pili ni kifupi cha neno la Kilatini tortuosa. Spishi ikisahihishwa kesho, nasaba itabaki palepale.

Mwamba wenyewe una haki katika daawa hii. Soko la rangi hudai kipya kila msimu, na kipya hukatwa baharini. Soko la nasaba huthamini kikongwe kilichozaa vipande maelfu tangini bila jiwe la pili kung'olewa. Indonesia, iliyo mmojawapo wa watoaji wakubwa wa viumbe hawa, ilisimamisha biashara hiyo mwaka 2018, kisha ikairuhusu tena baadaye. Katika miezi hiyo ya katikati wenye vipande vya nasaba walikuwa na cha kuuza.

Imebaki lugha. Atakayeandika juu ya mambo haya kwa Kiswahili asiliite kila tumbawe marijani, neno lililozoea kutaja kile chekundu cha shanga na mapambo. Wala asitafsiri Oregon Tort, kama vile asivyotafsiri jina la mtu. Rangi aieleze kwa maneno yaliyopo, na kando yake aandike imeonekana chini ya taa gani.