Boti si ya kupigia picha tu

Watu wa Kisii na Nyamira, tuambiane ukweli. Krismasi ikifika tunajaza matatu hadi Homa Bay au Dunga kule Kisumu, na swali la kwanza ufuoni ni: "Boti gani iko na muziki?" La pili ni bei. Sisi ni watu wa milima na migomba, wengi wetu hatujui kuogelea. Halafu unapakata mtoto bila jaketi ya kuokoa maisha, ati ni dakika 30 tu?

Wengine wanasema, "Chukua ile pana, haitikisiki." Sawa, upana unasaidia. Lakini MV Nyerere ilikuwa kivuko, si mtumbwi. Mwaka 2018 ilipinduka karibu na Ukara, ziwa hili hili letu. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Walikufa zaidi ya 220.

Kwa hivyo uliza: inabeba wangapi? Jaketi ya mtoto iko, ama ni ya mtu mzima inayompwaya? Nendeni asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka. Na mwenye boti akisema, "Ingieni tu, mtatoshea," shukeni nyote. Hata mama akinuna.