Daftari la Wiki: Uliamua Nini?

Tosha kwa lipi? Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kuta za Kongowea tayari zimejaa nyuso. Picha, jina, rangi za chama na neno moja: Tosha. Neno hilo lilipata uzito wake Uhuru Park mnamo Oktoba 2002, marehemu Raila Odinga alipomtangaza Mwai Kibaki. Lakini Kibaki alikuwa bungeni tangu 1963, alikuwa ameshika Wizara ya Fedha, na alikuwa makamu wa rais kwa miaka 10. Aliyemtaka na asiyemtaka walijua anatosha wapi na anapwaya wapi. Bango la mtu ambaye hatujawahi kumwona akiamua lolote halituambii atatosha kwa lipi.

Wantam, tutam: rais aondoke baada ya muhula mmoja, au apewe wa pili. Nimezisikia kauli zote mbili ndani ya matatu moja wiki hii, na hakuna upande uliotaja hata sera moja.

Serikali iliyokosa wa kuijibia. Kijana mmoja ameniuliza kwa nini sichoki kuzirudia kampeni za 2022. Sichoki kwa sababu zilituonyesha jinsi maisha ya mtu yanavyoweza kusimuliwa ili kazi yake isiulizwe.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. William Ruto alikuwa naibu rais tangu Aprili 2013. Kabla ya hapo aliingia bungeni kwa tiketi ya Eldoret Kaskazini katika uchaguzi wa 1997, na mwaka 2008 akawa waziri wa kilimo. Huo ni uzoefu wa takriban robo karne. Jukwaani hakuutanguliza. Alitanguliza utoto wake: mvulana wa kijijini aliyeuza kuku kando ya barabara. Alama ya chama ikawa wilbaro. Mtu wa pili kwa cheo nchini akaja mbele yetu kama mtu wa nje anayebisha hodi. Mema ya muhula wa kwanza wa Jubilee aliyahesabu kuwa yake pia. Ya muhula wa pili, alisema, yalifanyika akiwa ameshasukumwa kando baada ya handisheki ya Uhuru Kenyatta na Raila, Machi 2018.

Ng'ambo ya pili, Raila Odinga aliingia bungeni mwaka 1992 na alikuwa waziri mkuu kati ya 2008 na 2013. Kampeni yake ilimtanguliza Baba, mfungwa wa miaka ya themanini na mpigania demokrasia. Yote hayo ni kweli, na deni letu kwake hatujalilipa. Lakini mwaka ule alikuwa pia chaguo la rais aliyekuwa anaondoka. Kuitetea serikali ile waziwazi kulikuwa kugumu, na kuikana hakungewezekana.

Basi serikali ya miaka 10 ikafika kwenye uchaguzi bila mtu wa kuijibia. Nani alijibia Eurobond ya mwaka 2014, dola bilioni 2? Nani alijibia reli iliyojengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa 2017? Nani alijibia kompyuta walizoahidiwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013?

Hapa kwetu Mombasa swali lilikuwa la tumbo. Amri ya kupeleka makontena Nairobi kwa reli iliwavunja mgongo wenye malori na kuwanyima riziki vijana wa yadi. Watu waliandamana. Rais mpya aliirudisha kazi hiyo bandarini siku aliyoapishwa, Septemba 2022, na sisi tukashangilia, kwa haki kabisa. Lakini amri ilipotolewa yeye alikuwa naibu rais. Alishauri nini? Alipinga? Alinyamaza? Hilo ndilo swali la uzoefu, na sikulisikia likiulizwa Tononoka wala Mkomani.

Umaskini wa utotoni unaweza kumfunza mtu huruma. Unaweza pia kumfunza uchoyo. Kifungo nacho kinaweza kumkomaza mtu au kumwachia kinyongo. Kipi kilimwingia, tutakijua kwa aliyoyatia saini na aliyokataa kuyatia saini. Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930, tofauti ya kura 233,211. Sisemi kuku ndio walioamua. Nasema kwamba uchaguzi uliokaribiana hivyo ulitudai tupime maamuzi ya watu wawili, nasi tukapewa tupime utoto wa mmoja na mateso ya mwingine.

Matangani. Mwacheni marehemu azikwe. Mwaniaji anayenyakua kipaza sauti wajane wakilia amekosa adabu, na aliyekosa adabu mbele ya kaburi hatakuwa nayo mbele ya hazina ya kaunti.

Mdahalo, tena. Nimeshaliandika na nitaendelea kuliandika. Mwaka 2013 wagombea wote 8 wa urais walisimama pamoja wakaulizwa maswali mazito, hata ya kesi za The Hague. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakuja, Raila akajibu peke yake. Mwaka 2022 Raila hakuja, Ruto akajibu peke yake. Jioni hiyohiyo Waihiga Mwaure naye alibaki peke yake, baada ya George Wajackoyah kuondoka. Tulianza na wanane tukaishia na mmoja mmoja. Njia ya kupima busara ya mtu ni kumweka mbele ya mpinzani anayeweza kumwambia "hapana, haikuwa hivyo". Anayeikimbia nafasi hiyo anatuomba tumwamini gizani. Iwekwe sheria: asiyefika kwenye mdahalo asiwe na jina kwenye karatasi ya kura.

Shahada. Kwetu Kenya, anayetaka urais au ugavana lazima awe na shahada. Sharti kama hilo kwa wabunge lilitupwa na Mahakama Kuu. Ukivuka Horohoro, Katiba ya Tanzania inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Nimewasikiliza wanaopigania kila upande, na naona wote wanaacha la maana. Cheti kinathibitisha kwamba mtu aliwahi kufaulu mtihani. Hakithibitishi kwamba atakataa mkataba mbovu.

Mwaka 2017 mji huu ulitumia wiki nzima-nzima kubishania alama ya KCSE ya gavana. Mabomba yalikuwa makavu.

Ibara ya 99. Hili linanikasirisha. Sura ya Sita ya Katiba inataka viongozi waadilifu. Ibara ya 99 inamzuia kuwania ubunge mtu aliye chini ya hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi, au aliyebainika kutumia vibaya ofisi ya umma. Kisha kifungu cha 3 cha ibara hiyohiyo kinasema hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Uchaguzi wetu ni kila miaka 5, na rufaa zetu zina uvumilivu kuliko uchaguzi. Kwa hiyo mtu anakuja na faili zake mahakamani akituambia kesi ni vita vya kisiasa, nasi tunampigia makofi. Mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Sawa. Lakini kutokuwa na hatia ni haki ya kubaki huru. Si sifa ya kukabidhiwa bajeti.

Wangari Maathai. Nikikata tamaa huwa namkumbuka huyu mama. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili awanie ubunge, akazuiwa kwa kisingizio cha usajili, kisha kazi na nyumba vikaenda. Mwaka 1989 alisimama kuipinga ghorofa ya orofa 60 iliyokusudiwa Uhuru Park. Wakubwa walimtukana hadharani. Bustani ipo mpaka leo. Mwaka 1997 aliwania urais na ubunge pamoja, akakosa vyote. Tetu walimpeleka bungeni mwaka 2002, na Nobel ikamjia 2004. Katika miaka yote ile ya kukataliwa hakuwa na cheo cha serikali, ila maamuzi yake yalikuwa wazi kwa kila mtu. Wasifu wa namna hiyo hauhitaji bango.

Martha Karua naye alijiuzulu uwaziri Aprili 2009, majaji walipoteuliwa bila yeye kushauriwa. Mpende usimpende, uamuzi aliufanya na ukamgharimu gari, ofisi na cheo. Nitajieni mawaziri wengine waliofanya hivyo. Orodha haitajaza ukurasa.

Kwako msomaji. Watakuja. Watakuja na fulana, na leso, na hadithi za walikotoka. Wasikilize kwa heshima, kisha waulize mambo mawili: uamuzi gani uliwahi kuufanya ukakugharimu, na upi ulikosea? Asiye na jibu la kwanza hajawahi kuongoza. Asiye na la pili hasemi kweli. Na kabla ya kumuuliza yeyote, hakikisha umejisajili kupiga kura.