Walihakiki Bunduki, Wimbo Wakauacha

Iko desturi moja katika uhakiki wa muziki ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeinyamazia kwa muda mrefu kupita kiasi. Ni desturi ya kuuliza mwimbaji ametoka wapi, amepatwa na nini, amefiwa na nani, kisha kuyaandika majibu ya maswali hayo na kuyaita uhakiki wa santuri. Maneno ya nyimbo hayaguswi. Lugha zake hutajwa kwa hesabu tu, mfano wa mtu ahesabuye rangi za kanga asilisome jina lililoandikwa juu yake.

Mfano tunaouleta ni wa mwana wa nchi hii, Emmanuel Jal. Alizaliwa katika jamii ya Wanuer yapata mwaka 1980, akatiwa katika jeshi la SPLA angali mtoto, kisha akachukuliwa hadi Nairobi na Emma McCune, mwanamke Mwingereza aliyefanya kazi za misaada, ambaye mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari mjini humo mwaka 1993. Nairobi ndiko alikoanzia uimbaji. Santuri yake ya kwanza iliitwa Gua, na wimbo wenye jina hilo ulishika nafasi ya kwanza nchini Kenya. Umefokwa kwa lugha tano: Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer. Mwezi Septemba mwaka 2005 wimbo huo huo ukatiwa katika santuri ya kuchangia watoto wa nchi zenye vita, iitwayo Help: A Day in the Life, pamoja na nyimbo za Radiohead, Bloc Party, Manic Street Preachers na bendi nyingine za roki za Uingereza.

Hapo ndipo pa kutazama, ndugu msomaji, kwa kuwa hapo waimbaji wageni na wenyeji waliwekwa katika bakuli moja. Bendi ya Bloc Party nayo ilikuwa imetoa santuri yake ya kwanza, Silent Alarm, mwezi Februari mwaka huo huo wa 2005. Wahakiki waliipokea kwa shangwe, na gazeti la NME likaitangaza kuwa santuri bora ya mwaka. Waliipimaje? Walizungumzia mpigaji ngoma na kasi yake, magitaa mawili yanavyokatizana, maneno ya mwimbaji na mahali yanapokuwa mazito au mepesi. Walibishana. Wako waliosema vijana hao wameiga bendi za miaka ya nyuma, na wako waliokataa. Huo ndio uhakiki, hata pale unapokosea.

Jal hakupata ubishi wa namna hiyo. Alipata sifa, nasi hatukatai kwamba sifa zilikuwa nyingi na zilitolewa kwa moyo mwema. Lakini zilikuwa sifa apewazo mgonjwa aliyeinuka kitandani akatembea hatua tatu: kila mtu hupiga makofi, wala hakuna aulizaye kama mwendo wake ni mzuri. Makala baada ya makala yalianza na bunduki, yakaendelea na njaa na safari ya miguu, yakamtaja yule mama Mwingereza, na mwisho, kama nafasi imebaki, yakasema kwamba muziki nao wasisimua. Twauliza: kama bunduki ile isingalikuwapo, wangaliandika nini? Tunaogopa kwamba wangaliandika ukurasa mtupu.

Tena yafaa kukumbusha jambo la tarehe 2 Julai 2005, siku ya tamasha za Live 8, ambazo shabaha yake ilikuwa Afrika. Jukwaa kubwa lilikuwa Hyde Park, London. Waimbaji wa Afrika, wengi wao, Jal akiwamo, walitengewa jukwaa jingine huko Cornwall, katika bustani ya Eden Project, upande wa mwisho kabisa wa Uingereza. Watu walilalamika wakati ule, na malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini kumtenga mwimbaji kwa jukwaa ni jambo linaloonekana na kila mtu. Kumtenga kwa uhakiki hakuonekani, maana kumevaa nguo ya huruma.

Tuje kwenye neno lenyewe. Gua katika Kinuer huelezwa kuwa ni amani. Katika Kiarabu kisemwacho Sudani neno hilo ni nguvu. Mwimbaji ameliweka neno moja kati ya lugha mbili zilizopigana vita, na kila upande ukilisikia hulisikia kwa maana yake. Mnuer asikia amani, mtu wa Khartoum asikia nguvu, na wimbo unaendelea bila ya kuwaamulia. Sisi tuliofundishwa mashairi tangu utotoni twaijua kazi hii. Washairi wa pwani wameifanya kwa karne nyingi, nasi huwatoza wanafunzi alama wasipoiona. Anayepewa maana moja tu ya neno hilo amesikia nusu ya wimbo. Na mhakiki asiyepewa hata moja, akaridhika kwa kuhesabu lugha tano, amesikia nini?

Mambo hayakuwa tofauti kwa santuri iliyofuata, Ceasefire, iliyotolewa mwaka 2005 na Riverboat Records ya Uingereza, ambamo Jal aliimba pamoja na Abdel Gadir Salim, bingwa wa udi kutoka Kordofan. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari mwaka huo, na wahakiki wakaupata mfano walioutamani: Mkristo wa kusini na Mwislamu wa kaskazini wamepeana mikono. Salim akageuzwa mkono tu wa kupeanwa. Mtu aliyekwisha kuimba kwa miaka mingi, aliyeuchukua mwendo wa mardum wa kwao Kordofan akaufikisha mbali, tena aliyejeruhiwa kwa kisu mwaka 1994 katika klabu ya wanamuziki huko Omdurman, siku ambayo mwimbaji mwenzake Khogali Osman aliuawa! Mtu huyo alistahili kuulizwa juu ya udi wake.

Basi sisi twaihukumu santuri hiyo, maana kumhukumu msanii ni kumheshimu. Twaona kwamba uzuri wake uko pale ambapo waimbaji hawa wawili hawapatani kabisa: Salim ana sauti ya mtu asiye na haraka, na Jal ana haraka ya mtu aliyezoea matatu za Nairobi, na mara nyingine mmoja humngoja mwenzake kana kwamba hajui atatokea mlango gani. Twaona pia kwamba beti za Kiingereza ndizo dhaifu. Hapo Jal anakuwa mhubiri, na maneno yake hufanana na yale ya mabango ya mashirika ya misaada. Akirudi katika lugha za nyumbani ulimi hulegea, utani hurudi, na mambo huwa ya watu tena. Mhakiki wa London asiyejua ila Kiingereza aliusikia upande dhaifu peke yake, akausifu.

Hata hivyo lawama kubwa hatuipeleki London. Twaileta hapa nyumbani. Wahakiki wale walikuwa na udhuru wa kutojua lugha. Sisi tulikuwa na udhuru gani? Wimbo wenye Kiswahili ndani yake ulishika nafasi ya kwanza katika nchi yenye maelfu ya walimu wa Kiswahili, na walimu hao wengi wao wakanyamaza. Tulipowauliza wenzetu kadhaa sababu, jibu lilikuwa lile lile: ati kile si Kiswahili, ni mchanganyiko. Jibu hilo tumelisikia zamani. Lilisemwa mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya kwanza, isiyofuata vina wala mizani. Wakatokea waliosema kwamba hayo si mashairi kabisa. Leo waliosema hivyo na waliowapinga wote wamo katika somo moja, na mwanafunzi huulizwa habari zao katika mtihani. Laiti wangalinyamaza tu, tungalikuwa na nini cha kufundisha?

Nasi tunaoandika kutoka Rejaf tunayo sababu zaidi ya kuuona ubishi huu kuwa wetu. Ni mahali hapa, kusini kidogo mwa Juba, kando ya Mto Naili, ambapo mwezi Aprili 1928 watawala, wamisionari na wataalamu wa lugha walikutana kuamua ni lugha zipi zitafundishwa katika shule za kusini mwa Sudani. Zikachaguliwa sita: Kidinka, Kibari, Kinuer, Kilotuko, Kishiluku na Kizande. Kiarabu hakikuwamo katika orodha hiyo, wala kile Kiarabu cha Juba ambacho ndicho kinachouza na kununua sokoni hadi leo. Mwaka huo huo wa 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hatuibezi kazi ile. Mishahara yetu inatokana nayo. Lakini mwaka huo huo tena Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay, akarekodi santuri zake za kwanza, akiimba kwa Kiswahili katika taarabu ambayo watu wakubwa walizoea kuisikia kwa Kiarabu. Hakuna mkutano uliomwagiza. Lau angalingoja kupewa orodha, angalibaki kuuza vyungu.

Jal alifanya katika wimbo mmoja jambo ambalo mkutano wa Rejaf haukulifikiria: aliziweka Kidinka, Kinuer na Kiarabu katika kinywa kimoja, akaongeza Kiswahili cha uhamishoni na Kiingereza cha ofisini. Tulipoupiga wimbo huo darasani kwetu, tulitaka kufundisha ngeli. Ngeli hazikufundishwa siku ile. Binti mmoja wa Kinuer alisimama kueleza neno gua, kijana aliyekulia Khartoum akambishia, na wa tatu, aliyesoma Kakuma, akawa mkalimani wao kwa Kiswahili, maana ndicho kilichobaki ambacho wote watatu walikijua kidogo. Walibishana mpaka kengele ikalia. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya walikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Lakini hatujaona azimio lolote lililokifanyia Kiswahili kazi iliyofanywa na ubishi ule wa dakika arobaini.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu, wa hapa na wa nchi jirani, watuletee tahakiki za santuri hizi mbili, zilizoandikwa kwa Kiswahili, za kusifu au za kukosoa kama wanavyoona. Atakayeona kwamba Jal ni mshairi hafifu na aseme, alete na ushahidi wa beti. Sharti letu ni moja: bunduki isitajwe kabla ya ukurasa wa tatu, na kabla hujaitaja uwe umekwisha kutueleza wewe, kwa sikio lako, umelisikia neno gua kwa maana ipi.